Biskuti za Harusi ya Marisa

Ukiziona picha za kampeni za mke wangu, mimi ndiye yule mzee aliyesimama nyuma yake pembeni, ameshika koti la mtu. Mara nyingine koti ni la mke wangu, mara nyingine sijui hata la nani, napewa tu nashika. Picha moja iliyosambazwa Pennsylvania nzima ilinikata uso, nikabaki sikio. Majirani zetu wa Dunmoor walinipongeza kwa sikio hilo wiki nzima.

Jina langu Emil Hudak. Kazi yangu ni kutengeneza matanuri ya kupasha nyumba joto. Mke wangu ni Constance Hudak, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu upande wetu huu wa magharibi, na mwaka ninaousimulia alikuwa kwenye kura za maoni za chama chake, anautaka ugavana. Nyumbani tunamwita Connie. Mjini ana majina mengine, na kwa kuwa mimi hushinda kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, ambako kila kinachosemwa juu huteremka kwenye mabomba ya hewa, nimeyasikia yote. Mengine ni ya kuchekesha sana. Nimeyacheka peke yangu, nikapanda juu kupokea malipo yangu kwa adabu.

Connie aliwafunga mameya, madiwani, jaji mmoja na bwana mkubwa wa idara ya maji aliyejijengea bwawa la kuogelea kwa mabomba ya umma. Magazeti ya mjini yalimsifu. Wapinzani wake walisema hajawahi kuiona kamera akaipita bila kusimama, na mimi ninayeishi naye siwezi kuapa kwamba ni waongo. Lakini Dunmoor hawakumnunia kwa ajili ya wakubwa hao. Walimnunia kwa ajili ya mtu mmoja tu, karani wa ofisi ya mji, mjane asiye na mtoto, Verna Sabol. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote, lakini hata waliomzidi umri walimwita Shangazi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mkandarasi wa barabara aitwaye Krall alimpa Meya Lou Petrakis bahasha, ofisini kwa Shangazi Verna, mbele ya macho yake. Baadaye wapelelezi wawili wa serikali kuu wakaenda nyumbani kwake, wakakaa jikoni, wakamuuliza kama aliwahi kuona bahasha. Akasema hajaona. Basi, kosa lake ni hilo. Wale mabwana walikuwa wanajua jibu tayari, maana Krall alishageuka upande wao na siku ya bahasha alikuwa na kinasa sauti chini ya shati. Na kwa sheria zetu, ukimdanganya mpelelezi wa serikali kuu, hata kama hujaapa, hata kama umevaa aproni, umetenda jinai. Krall akaelewana na serikali, akaenda nyumbani. Lou akakiri, akafungwa kidogo, akatoka akawa mshauri wa kampuni. Shangazi Verna alikataa kukiri, akapandishwa mahakamani, akapata miezi kumi katika gereza la wanawake kule West Virginia. Connie alisimama mbele ya kamera akasema kwamba katika ofisi yake hakuna uongo mdogo. Maneno hayo yaliwapendeza watu wa kampeni, wakayachapa kwenye mabango. Bango moja lilisimamishwa mbele ya nyumba yetu, na mimi ndiye niliyeligongea misumari.

Katikati ya mambo hayo binti yetu Marisa akatangaza harusi, wiki mbili kabla ya kura, na akasema ataifanyia kwenye ukumbi wa zimamoto wa Dunmoor kama mama yake na bibi zake.

*

Kwetu harusi bila keki inawezekana. Harusi bila meza ya biskuti haiwezekani. Watu watauliza kama padri alikuwa na leseni. Wala mama wa bibi harusi haombi. Kadi zikishafika, wanawake wa parokia hupiga simu mmoja mmoja na kusema, mimi naleta za jozi, mimi naleta vibomba vya krimu, mwambie fulani asilete za aprikoti maana zake ni ngumu. Meza hujaa mpaka sahani zinapandana. Watu hula, wanajaza visanduku vya kupeleka nyumbani, na ndoa inahesabiwa imefungwa.

Sisi kadi tulizituma mapema. Simu haikulia.

"Baba, nani ameshasema analeta nini?" Marisa aliniuliza asubuhi moja, wote tukiwa mezani, pamoja na Whitney, yule dada wa kampeni kutoka Harrisburg ambaye siku hizo alikuwa anakunywa chai kwetu kuliko kwake.

"Bado mapema," nikasema.

"Harusi ni Jumamosi hii."

Nikapaka siagi kwenye mkate ambao tayari ulikuwa na siagi. Whitney akauliza tatizo ni nini, akaelezwa, akasema si waoka mikate wapo, iagizwe keki kubwa. Marisa akamwangalia kama mtu aliyependekeza bibi harusi aje na suruali ya mazoezi. Biskuti za dukani haziwekwi kwenye meza ile. Ni afadhali meza tupu, nikamweleza, na kuliko meza tupu ni afadhali kufa. Whitney akaanza kuelewa, na uso ukamshuka, kwa sababu alikuwa amealika gazeti la kaunti lije kumpiga picha mgombea akiwa kati ya watu wake, binti wa Dunmoor, mtoto wa fundi viatu Marchetti.

Mke wangu anaweza kumhoji mkurugenzi wa benki mpaka akalia na kuomba maji, lakini unga humshinda. Biskuti aliyoioka mwaka tuliooana niliila yote kwa mapenzi, na jino langu la nyuma halikurudi. Alisimama karibu na simu, akainua mkono wa simu, akausikiliza mlio, akaurudisha. Simu ilikuwa nzima.

"Tutaweka matunda," akasema. Kisha akatoka haraka kwenda mkutanoni, na kwa mara ya kwanza akasahau kunipa koti.

Nilimwonea huruma. Nasema wazi kwa sababu ni watu wachache waliowahi kumwonea. Na nilimwonea huruma Marisa zaidi, aliyebaki akitazama kikombe. Mwanamke wa Dunmoor akiolewa bila meza, anaingia kwenye ndoa kama mtoto asiye na watu.

*

Nikaenda kwa Shangazi Verna, ambaye alikuwa ameshamaliza kifungo chake. Nilibeba sanduku la vifaa, maana sina ujasiri wa kuingia nyumba ya mtu bila spana.

"Shangazi, nimepita kuliangalia tanuri."

"Mwezi wa tano?"

"Ni vizuri kuangalia mapema."

"Haya, shuka ukaliangalie. Limezimwa."

Nikashuka. Nikakaa mbele ya tanuri baridi, nikawa nagonga bomba hapa na pale ili asikie kwamba kazi inafanyika. Nilipopanda, alikuwa ameshaniwekea kahawa. Kahawa tupu. Katika jiko lile mimi nimekula biskuti tangu sijaota meno, na sasa palikuwa na kikombe na kijiko, basi. Jaji aliyemhukumu hakuweza kuisema hukumu vizuri zaidi.

Nikamweleza habari za Marisa, kama vile hazijui. Alimfundisha katekisimu, anampenda. Akasema harusini atakuja, kwa kuwa mtoto amemletea kadi kwa mkono wake.

"Na meza, Shangazi?"

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Emil, mkeo alisema mahakamani kwamba huruma siyo kazi ya mwendesha mashtaka. Nikaona kweli, kila mtu na kazi yake. Mimi kazi yangu ilikuwa ukarani, mkanifukuza. Biskuti siyo kazi yangu."

"Na wale wanawake wengine?"

"Sijamkataza mtu. Nenda kawaulize."

Sikwenda. Niliinywa kahawa ile yote, nikamshukuru, nikamwambia tanuri lake lina afya. Akasema hata yeye amefurahi kusikia.

*

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwetu hata mtoto wa chekechea asingelifanya. Niliendesha gari mpaka Greensburg, ambako hanijui mtu, nikaingia duka la mikate, nikanunua biskuti za kujaza meza. Za jozi, za lozi, vibomba vya krimu, kila aina. Mwenye duka akaniuliza ni za mazishi? Nikasema ndiyo, maana niliona hilo linaumiza kidogo kuliko ukweli.

Kisha nikajifungia gereji, nikazipanga kwenye sahani na masinia yetu yote, hata lile la Krismasi, na chini ya kila sahani nikabandika selotepu yenye jina la C. Hudak, kama wafanyavyo wanawake wetu ili sahani zirudi kwa wenyewe. Nilijipongeza kwa hiyo selotepu. Niliona ndiyo akili ya mtu aliyeishi na mwanasheria. Ambacho sikukiona, na ambacho mtu yeyote wa Dunmoor angekiona akiwa mlangoni, ni kwamba biskuti zangu zote zililingana. Kila moja duara lile lile, sukari ile ile, kama sarafu zilizotoka kiwandani. Biskuti za mkono wa mtu zina moja iliyoungua, moja iliyonenepa, na moja ambayo mjukuu alibonyeza kidole.

Connie nilimwonyesha asubuhi ya harusi yenyewe.

"Umefanya nini, Emil?"

"Nimekuokoa."

Naamini alitaka kuniambia nizirudishe. Alishafungua mdomo. Lakini Marisa aliingia gereji kutafuta mwavuli, na shela lake kichwani, akaziona zile sahani zote, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "umeoka mwenyewe?"

Akamkumbatia. Connie alisimama pale mikono ikining'inia, kisha akamkumbatia naye, na hakusema ndiyo wala hapana. Tulipokuwa njiani kwenda kanisani akaninong'oneza kwamba kisheria kunyamaza siyo kudanganya. Nilikuwa nimebeba vibomba vya krimu mapajani.

*

Wanawake wa Dunmoor walikuja wote. Walivaa vizuri, wakambusu bibi harusi, wakatusalimia kwa ncha za vidole. Na kila mmoja alikuja na mkoba wake tu. Sikuwahi kuwaona wanawake wetu wakiingia ukumbini mikono mitupu. Walionekana kama watu waliovuliwa kitu. Wakaiona meza. Wakaizunguka polepole kama watu wanaotoa heshima kwa maiti, mmoja akainua sahani akasoma selotepu, akairudisha, akamtazama mwenzake. Hawakugusa biskuti hata moja. Wazazi wa bwana harusi, watu wa Connecticut, walijipakulia kwa furaha na kusema hawajaona desturi nzuri kama hii.

Krall naye alikuwepo. Siku hizo alikuwa mchangiaji mkubwa wa kampeni, na Whitney alimweka meza ya mbele. Akanikabidhi zawadi ya maharusi kwenye bahasha nene, na kwa mara ya kwanza maishani nadhani bahasha yake ilikuwa halali. Shangazi Verna alikuwa amekaa meza ya pili, amemwelekea uso kwa uso. Alikata kabichi lake lililojazwa nyama vipande vidogo vidogo, hakuinua macho.

Mwandishi wa gazeti alikuwa msichana aitwaye Jolene Barto, mama yake mtu wa hapa hapa. Whitney akamleta pamoja na mpiga picha mpaka kwenye meza ya biskuti, akamsimamisha Connie katikati ya sahani, akamweka Marisa ubavuni. Watu wakasogea kama kawaida ya watu wakiona kamera.

"Mama Hudak," Jolene akasema, "nani kaoka hizi zote?"

Swali la kawaida kabisa. Harusi yoyote linaulizwa mara mia. Connie akamtazama Marisa, na Marisa alikuwa anatabasamu na macho yamemlowa.

"Mimi," akasema Connie. "Zote."

Niliyasikia masikio yangu yakiwaka, kushoto na kulia. Wanawake wetu wakatazamana, wote wanajua. Jolene hakuwa mjinga. Alichukua biskuti moja ya jozi, akaigeuza, akaichukua ya pili, akazilinganisha. Kisha akatazama huku na huku, akamwona mtu anayemtaka.

"Shangazi Verna, wewe ndiye unayejua biskuti za mji huu. Ni kweli kaoka yeye?"

Naomba mnielewe ilivyokuwa. Maisha yote ya kazi ya mke wangu, na ugavana wake, na heshima ya binti yangu mbele ya wakwe, vyote vilikuwa mdomoni mwa mwanamke aliyefungwa na Connie huyo huyo. Alikuwa na haki ya kuusema ukweli. Kama angecheka tu, ingetosha. Wanawake wote walimwangalia, na nyuso zao zilikuwa zinasema, leo ndiyo leo, Shangazi.

Shangazi Verna akanyanyuka. Akaja mezani bila haraka, akachukua biskuti ya lozi, akaitafuna yote mpaka ikaisha, akajifuta midomo.

"Ni zake," akasema. "Mkono wake naujua. Nilimfundisha mimi mwenyewe, jikoni kanisani."

Kamera ikalia. Jolene akaandika. Shangazi Verna akaelekea jikoni, na Connie, aliyekuwa mweupe kuliko shela, akamfuata. Nami nikawafuata, kwa kuwa sikujua la kufanya na miguu yangu.

*

Jikoni kwa zimamoto palikuwa na masufuria makubwa ya tambi na mvuke. Shangazi alikuwa anaosha mikono.

"Kwa nini umefanya vile?" Connie akamuuliza. Sauti yake ilikuwa ile ya mahakamani, sidhani kama alikusudia.

"Nimefanya nini?"

"Umedanganya. Kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako, usijipe ukubwa. Mtoto kasimama pale na gauni jeupe, wakwe zake wako pale. Nimwambie mama yako muongo, mbele ya watu? Siku yake ya harusi?" Akafunga bomba. "Kuna wakati wa kumwambia mtu hilo, na si pale."

Connie akauliza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, "Siku ile walipokuja wapelelezi. Kulikuwa na nani jikoni kwako?"

"Mama yake Lou."

"Hukuwahi kusema."

"Ningesema, nani aliniuliza? Wao waliuliza kama niliona bahasha. Wewe ukaniuliza kama nilisema sikuona. Nikajibu yote mliyouliza." Akachukua kitambaa akajikausha mikono. "Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, anakula supu yangu, mzee yule. Nikamwangalia. Ungeniambia niseme nini?"

Nimemwona Connie akishinda kesi na nimemwona akishindwa moja. Sijawahi kumwona vile. Aliegemea meza ya chuma akaishika kwa mikono miwili.

"Lou alikuwa mwizi, Shangazi," akasema.

"Alikuwa mwizi. Nani kasema hakuwa? Mama yake alikufa mimi nikiwa gerezani, alishayajua yote, lakini hakuyasikia mdomoni mwangu."

Connie akajinyoosha. Akaivuta blauzi yake kama afanyavyo kabla ya kusimama mbele ya jaji, akatoka. Nikajua anakwenda kusema, kwa sababu mke wangu ana kasoro nyingi lakini akishaona kosa hawezi kulala nalo kitanda kimoja. Kwanza akamchukua Marisa pembeni, akamnong'oneza, wakakaa wameshikana. Marisa akafuta macho, akacheka kidogo, akasema kwa sauti ambayo niliisikia, "Baba na selotepu yake." Kisha Connie akamfuata Jolene, pale pale kwenye meza, na watu wakasogea tena.

"Andika," akasema. "Biskuti hizi zimenunuliwa. Sikuoka hata moja. Nimekudanganya."

Whitney alitoa sauti kama tairi linalopungua upepo. Jolene alifungua ukurasa mpya. Alikuwa mwandishi mzuri, alijua swali linalofuata, na sisi wote tulilijua pia.

"Kwa hiyo Shangazi Verna naye kanidanganya?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Ni neno moja tu lililotakiwa, na lilikuwa kweli tupu. Jumatatu gazeti lingeandika kwamba mfungwa wa zamani wa Dunmoor, aliyefungwa kwa kusema uongo, kadanganya tena. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa chake. Connie alimwona. Nami nilimwona Connie akimwona, na mwanamke niliyeishi naye miaka yote ile akabadilika rangi.

"Hapana," akasema. "Yeye hakudanganya. Alikosea. Ni mtu mzima sasa, ladha imempotea. Hawezi tena kuzitofautisha."

Ukumbi wote ukashusha pumzi, kisha ukaizuia tena, kwa sababu tulimgeukia Shangazi. Mwanamke yule alikubali gereza kwa kichwa kilichoinuliwa. Lakini kusemwa mbele ya parokia nzima kwamba Verna Sabol hajui biskuti ya dukani akiitafuna! Shavu lake lilicheza. Angeweza kujisafisha hapo hapo. Angesema tu kwamba alijua tangu mlangoni. Ingekuwa kweli, na kweli hiyo ingemfanya muongo gazetini.

"Ni kweli, mwanangu," akamwambia Jolene, kama mtu anayemeza msumari. "Ulimi wangu umekufa."

La uchaguzi nilimalize hapa lisituharibie chakula. Jumatatu gazeti lilitoka na mgombea wa ukweli na biskuti za uongo, televisheni zikalidaka, Whitney akapata kazi kwingine, na mabango yetu watu wakayachora biskuti. Connie alishindwa vibaya. Dunmoor nayo ilimpigia kura mpinzani wake, karibu wote, na Shangazi Verna alimwambia usoni kwamba yeye ni mmoja wao, ugavana ni kitu kingine. Sisi ndivyo tulivyo. Tunakula kwako na kura tunampa mwingine.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, Shangazi alipokwisha kuusingizia ulimi wake, aliwageukia wale wanawake akawauliza wanangoja nini. Wakatazamana. Kisha wa kwanza akatoka nje kwenye maegesho, akafuatwa na wa pili, na wote. Tukasikia buti za magari zikifunguliwa. Walikuwa wameoka. Wote, kila mmoja akimficha mwenzake, walikuja na masinia yao wakayaacha garini, maana kuja harusini mikono mitupu hawakuweza hata kwa chuki. Krall alijitolea kusaidia kubeba, akaambiwa akae.

Connie alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Shangazi akamwendea.

"Uliogopa?" akamuuliza.

"Ndiyo."

"Gazeti?"

"Hapana," Connie akasema. "Niliogopa watakufanya nini wewe."

Shangazi Verna akaitikia kwa kichwa taratibu, muda mrefu.

"Basi ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Siku ile ya wapelelezi, na mama yule. Hapakuwa na kingine."

Mke wangu akalia mbele ya watu wote, na hakuna kamera iliyomwona, mpiga picha alikuwa nje kwenye magari mdomo umejaa. Shangazi akamfuta uso kwa kitambaa cha jikoni, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto, akamwambia asogee, amezuia njia, watu wanapita na biskuti.